Kaburi la Mkomani, Bendera ya Rabai: Tathmini ya Ziara ya Siku Moja

Mwezi uliopita nililipa shilingi 2,500 kujiunga na ziara ya siku moja ambayo kikundi kimoja cha Wakristo wa Mombasa huwaandalia watu waliopatwa na msiba, ugonjwa au kufutwa kazi. Tangazo lao liliahidi kwamba tungejionea jinsi dhiki inavyoijenga imani ya Mkristo. Kikundi chenyewe sitakitaja kwa jina, kwa kuwa nina lawama juu yao, lakini njia wanayopita yeyote anaweza kuifuata: asubuhi hadi kaburi la Rosine Krapf huko Mkomani, upande wa Nyali, kisha Rabai, kilipokuwa kituo cha mwanzo cha wamisionari hao, kupitia Mazeras, na jioni kurudi mjini. Fedha hizo zilijumuisha nauli, kiingilio cha makumbusho na chakula cha mchana, ambacho kilikuwa wali wa nazi na maharagwe, tena kitamu kuliko nilivyotarajia.

Kisa cha Mkomani kinajulikana kwa wengi juu juu tu. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyekuwa akitumikia shirika la kimisionari la CMS, alifika Mombasa na mkewe mwaka 1844, na mwezi wa Julai mwaka huohuo Rosine alijifungua binti, akashikwa na homa, akafa baada ya siku chache, naye mtoto hakukawia kumfuata. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa hiyohiyo. Rosine alikuwa ameomba azikwe bara badala ya kisiwani, ili wapita njia walione kaburi lake na kukumbuka kilichomleta.

Hapo ndipo lawama yangu ya kwanza ilipo. Kiongozi wetu wa asubuhi, kijana mwenye kipaza sauti ambacho hakikuhitajika kwa watu 19, hakumaliza hata dakika tatu kabla ya kutangaza kwamba yote yalikuwa mpango wa Mungu, na kwamba kutoka kaburi lile yametoka makanisa yote tunayoyaona leo. Ni kweli kwamba Krapf mwenyewe aliliandikia shirika lake neno linalokaribia hilo, kwamba kaburi lile lilikuwa ishara ya kazi iliyokwisha kuanza. Lakini Krapf aliyaandika hayo akiwa ametoka kuzika, na kijana wetu aliyasema akitazama saa. Mama mmoja katika msafara, ambaye alikuwa amempoteza mwanawe mwaka jana, alikuwa ameinama akifuta mchanga kwenye jiwe kwa pindo la leso yake. Kijana akamwendea na kumwambia kwamba kila jambo lina sababu yake. Mama hakuinua uso, akamjibu tu, "Mwanangu, niache kidogo."

Safari ya kwenda Rabai ilichukua muda mrefu kwa sababu ya malori ya barabara kuu, na karatasi tuliyogawiwa ndani ya gari ilikuwa na makosa ambayo mtu aliyesoma kidogo angeyasahihisha. Iliandikwa, kwa mfano, kwamba Krapf alifia Rabai, ilhali alifia Korntal, Ujerumani, mwaka 1881.

Huko Rabai, hata hivyo, ziara ilibadilika kabisa, kwa kuwa tulikabidhiwa kwa kiongozi wa pili, mwalimu mstaafu ambaye hakuwa na kipaza sauti wala haraka. Alitukalisha kivulini kabla hatujaingia katika makumbusho, akaanza na jambo ambalo sikuwahi kulisikia kanisani: kwamba binti aliyezikwa Mkomani hakuwa mtoto wa kwanza wa Rosine kufa. Mwaka mmoja hivi kabla, safarini katika nyika za Kihabeshi, alijifungua kabla ya wakati, na mtoto yule waliyemzika porini walimpa jina Eneba, ambalo kwa Kiamhari ni chozi. Yule mama wa leso akauliza, "Mwalimu, watumishi wa Mungu wanaweza kumwita mtoto hivyo?" Mwalimu akamjibu kwamba walimwita hivyo, na siku ya tatu wakaendelea na safari.

Kisha akaja kwa Johannes Rebmann, mmisionari mwenzake Krapf, aliyefika mwaka 1846 na kukaa hadi 1875 bila kurudi kwao hata mara moja. Vitabu vya shule humtaja kwa sababu ya kuuona Kilimanjaro mwaka 1848. Mwalimu alimtaja kwa sababu ya miaka iliyofuata, ambamo alimzika mkewe, akapoteza uwezo wa kuona, na waumini wake wakabaki wa kuhesabika kwa vidole huku yeye akiendelea na kamusi zake. Hapo nilielewa kwa nini Paulo, anapoieleza dhiki katika Warumi 5, hasemi kwamba inazaa mafanikio. Anasema inazaa saburi kwanza, na tumaini analiweka mwisho kabisa wa mlolongo. Kijana wa asubuhi alikuwa ameruka hatua zote za katikati.

Kilichonigusa zaidi ni habari za William Jones, Mwafrika aliyetekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akalelewa Nasik nchini India, kisha akaletwa Rabai. Mwaka 1885 aliondoka hapo na Askofu James Hannington kuelekea Buganda. Hannington aliuawa Busoga mwezi wa Oktoba, na Jones, aliyekuwa ameachwa nyuma na sehemu kubwa ya msafara, aliwarudisha watu waliobaki hadi Rabai mwezi wa Februari 1886, wakitanguliwa na bendera ya buluu iliyoandikwa neno moja kwa herufi nyeupe: Ikabodi. Wasomaji wa 1 Samweli 4 watakumbuka kwamba jina hilo, lenye maana ya kuondokewa na utukufu, lilitamkwa na mwanamke aliyekuwa akifa kwa uchungu wa uzazi. Mwalimu hakuiunganisha bendera hiyo na kaburi la asubuhi. Alitaja sura na kunyamaza, na nikamwona yule mama akifungua Biblia yake kuitafuta. Jones aliendelea na utumishi hapo Rabai, katika miaka ambayo watumwa waliotoroka mabwana zao walikuwa wakija kwa mamia kutafuta hifadhi.

Kwa jumla ningewapa nyota tatu kati ya tano, na zote tatu ni za mchana. Waandaaji wangefanya vyema kumweka mwalimu aongoze siku nzima, kusahihisha karatasi yao, na kuacha walau nusu saa ya kimya Mkomani. Anayekusudia kwenda abebe maji na kofia, na anapolipa aulize mapema kama mwalimu atakuwepo siku hiyo. Mimi nimeshaandikisha jina langu na la dada yangu kwa ziara ijayo, kwa sharti hilo.