Matembele au mchicha: kipi upande uani Tanga?

Ukinunua fungu la matembele sokoni Mgandini, usitupe mashina baada ya kuchambua majani. Chagua yaliyokomaa, ya sentimita 20 hadi 30, fukia vifundo viwili vitatu ardhini au kwenye ndoo kuukuu iliyotobolewa chini, kisha mwagilia jioni. Baada ya wiki moja hivi mizizi imeshika. Mbegu hujanunua, na kila ukichuma ncha, machipukizi mapya hutoka pembeni. Shina moja hukulisha miezi.

Mchicha una kasi, hilo silikatai: wiki tatu au nne tangu kusia unachuma. Ila mbegu zake ni ndogo mno, mvua ya masika huzisomba, kuku wakiingia miche imekwisha, na mchicha ukishatoa maua inabidi usie upya.

Kwa udongo wetu wa kichanga, mimi nachagua matembele. Yanavumilia jua la Januari hata ukipitiwa siku mbili bila kumwagilia, na yakiungwa kwa tui la nazi, kwetu sufuria hairudi na kitu. Mchicha nauachia beseni moja, utusogeze wiki zile za mwanzo matembele yanapojijenga.