Ginko ya vidonge, ya unga na ya chai: nimejaribu zote tatu

Ginko ni mti ambao majani yake huuzwa kama dawa ya mitishamba ya kuongeza kumbukumbu. Kwa mwenye haraka: vidonge vya kiini kilichopimwa (dawa iliyokamuliwa kutoka kwenye majani, kiwango chake kikajulikana), miligramu 120 kila kimoja, nyota tatu kati ya tano. Majani ya chai, mbili. Kapsuli za unga wa majani, moja, na hiyo moja ni kwa ajili ya kifuniko kizuri cha chupa.

Ukiishika chupa dukani, igeuze kwanza. Mbele wanaandika Ginkgo biloba 500 mg kwa herufi kubwa, na mteja anaona 500 imeizidi 120, tena kwa bei ya chini. Hapo ndipo wengi tunapopigwa. Ile 500 ni majani makavu yaliyosagwa, basi. Kiini chenyewe hutengenezwa kwa kuloweka majani kwenye asetoni iliyochanganywa na maji, kuchuja, kusafisha na kukausha, na kilo moja ya kiini hula kilo 35 hadi 67 za majani. Tuchukue 50 hesabu iwe nyepesi: kidonge cha miligramu 120 kinatokana na gramu 6 za majani, kapsuli ya unga ina nusu gramu. Utameza kapsuli 12 ndipo ufikie kidonge kimoja, na humo humo utakuwa umebugia asidi za ginko, zile zinazoleta mzio na kukera tumbo. Kiwandani huondolewa mpaka zibaki chini ya sehemu 5 kwa milioni. Kwenye unga zimo zote.

Nyuma ya chupa natafuta namba mbili, za kemikali zitokazo kwenye majani hayo: flavonoidi asilimia 22 hadi 27, na terpeni laktoni asilimia 5 hadi 7. Lebo nyingi huandika 24 na 6. Ndicho kipimo cha kiini cha Kijerumani kiitwacho EGb 761, ambacho majaribio mengi makubwa yalikitumia. Lebo ikitaja 24 na kuinyamazia 6, irudishe rafuni. Flavonoidi hughushiwa kirahisi: mtu anamwagia rutini au kwasetini, flavonoidi za mimea mingine zilizo bei chee, mashine ya kupimia inasoma 24, mambo yamekwisha. Terpeni za ginko, yaani ginkolidi na bilobalidi, hazina mbadala wa bei rahisi wa kuchanganyia. Na uchakachuaji huu si hofu ya kuzua: mwaka 2015 mamlaka ya China ilibaini viwanda vilivyokuwa vikikamua majani kwa asidi hidrokloriki badala ya alkoholi iliyoruhusiwa huko ili kupunguza gharama.

Kapsuli niliimwaga juu ya karatasi nyeupe. Unga wa majani ni wa kijani, una vijinyuzi, unanukia nyasi zilizoanikwa. Kiini ni cha rangi ya kahawia iliyoelekea njano, laini, na uchungu wake unakaa ulimini. Kijani kinakuambia umeuziwa majani. Kahawia peke yake haithibitishi kitu, kwa hiyo usiiache lebo.

Matumizi: kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni, jumla miligramu 240. Ndicho kiwango kinachotumika Ulaya kwa wazee walioanza kupoteza kumbukumbu kutokana na maradhi, kwa angalau wiki 8, na ikifika miezi 3 bila nafuu daktari anaangalia upya kama kuna haja ya kuendelea. Nilipomeza kabla ya kula, tumbo lilivurugika na kichwa kikagonga kidogo. Nilipohamia baada ya chakula, tumbo likatulia. Usikitafune wala kukivunja, kile kigamba cha juu kinaziba uchungu. Chupa ikae mahali pakavu, hasa ukiwa Pwani, ambako unyevu hugandisha kapsuli zikashikana kama tende.

Sasa, mbona nyota tatu tu? Kwa sababu hata kiini safi hakifanyi yale yaliyoandikwa kwenye matangazo. Sikuona kumbukumbu ikiongezeka. Jaribio la Marekani lililotangazwa mwaka 2008, lenye watu 3,069, wengi wao wakiwa na kumbukumbu nzima, wa miaka 75 na zaidi, waliomeza 120 mara mbili kwa siku, lilionyesha kuwa ginko haikuzuia ugonjwa wa kusahau. Wapo pia wanaoibeba kwenda nayo Kilimanjaro kujikinga na maradhi ya mwinuko. Kwenye jaribio la Himalaya la mwaka 2004, waliougua kati ya waliopewa ginko walikuwa asilimia 35, wa kidonge kitupu kisicho na dawa 34, wa asetazolamidi, dawa ya hospitali ya kuzuia maradhi hayo, 12. Anayepanda mlima hesabu hiyo inamtosha.

Chai ni kinywaji cha kawaida, ladha ya majani makavu. Kifuko cha gramu 2, hata kama maji yangevuta kila kitu, ni theluthi ya kidonge.

Mwenye kumeza dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini, klopidogreli au aspirini ya kila siku asiiguse ginko kabla ya kuongea na daktari, kwani damu inaweza kuchelewa kuganda. Mjamzito aiache. Mwenye kifafa vilevile. Aliye bado kwenye efavirenzi, dawa ya VVU, ajue kuwa ginko inaweza kupunguza nguvu ya dawa hiyo mwilini, na hilo si jambo la kubahatisha. Kama kuna upasuaji, acha siku 3 hadi 4 kabla, au zaidi kama hospitali itakavyosema, na umtajie daktari jina lake, maana wengi huulizwa dawa wanazotumia wakaacha kutaja za mitishamba. Ukiona michubuko isiyo na sababu au pua inatoka damu, simamisha.

Kokwa za ginko, zile Wajapani na Wachina wanazokaanga, ni habari nyingine kabisa. Zina sumu inayozuia kazi ya vitamini B6, na kuzichoma hakuiondoi. Mtoto akila nyingi anaweza kupata degedege. Akipatwa, kimbilia hospitali na uchukue zilizobaki ukawaonyeshe, kwa kuwa tiba yake ni hiyo hiyo B6 na wakijua chanzo mapema hawatapoteza muda kutafuta malaria.