Maua ya bluu yanayowahi: vitunguu gani vya maua ununue kwa bustani ya nchi ya baridi

Kwa tunaoishi Minneapolis, Toronto, Oslo au Hamburg, mwezi wa tatu ndio unaochosha kuliko yote. Kalenda inasema majira ya kuchipua yameingia, lakini nje bado kuna theluji chafu na nyasi za kahawia. Hapo ndipo mimea fulani midogo inapotoboa udongo ambao haujamaliza kuyeyuka na kuchanua ikiwa na urefu wa kidole tu. Mingi kati yake ni ya bluu, na hakuna anayehitaji kuwa fundi wa bustani ili kuwa nayo mlangoni kwake. Kinachohitajika ni kununua kitu sahihi, tena mapema: vitunguu vyake, yaani vile vinundu vya chini ya ardhi vinavyofanana na kitunguu cha jikoni na ambavyo mmea huchipua kutoka ndani yake, vinauzwa Septemba na Oktoba. Anayeanza kuvitafuta Machi, baada ya kuyaona maua kwa jirani, atasubiri mwaka mzima.

Orodha hii nimeipanga kwa kigezo kimoja. Je, kitunguu ulichokilipia mara moja kitarudi mwaka kesho, na mwaka wa tano, bila wewe kurudi dukani? Uzuri wa picha kwenye pakiti sikuupa uzito, kwa sababu kila pakiti ina picha nzuri.

Nunua kwa jina la Kilatini. Majina ya mtaani hubadilika kutoka nchi hadi nchi, na jina moja huweza kupewa mimea mitatu isiyofanana. La Kilatini huwa limeandikwa kwa herufi ndogo chini ya picha, na ndilo nitakalotumia hapa.

Nafasi ya kwanza: Scilla siberica

Jina linataja Siberia, ila asili yake ni kusini mwa Urusi, milima ya Caucasus na Uturuki. Huota hadi sentimita 10 au 15, na maua yake huinamisha vichwa. Bluu yake ni bluu kweli, haina zambarau ndani yake, na katika mimea ya bustani hilo ni jambo adimu. Hata chavua yake ni ya bluu. Ukiwatazama nyuki wa mwanzo wa msimu utawaona wamebeba vifurushi vya rangi hiyo miguuni.

Nimeiweka juu kwa sababu haisumbui. Inastahimili baridi ya nyuzi 35 chini ya sifuri. Kindi wanaofukua vitunguu vingine huiacha, na kulungu nao huipita, kwa kuwa ina sumu. Huvumilia kivuli cha miti inayopukutisha majani, maana inachanua na kumaliza kazi kabla miti haijavaa majani mapya. Kisha inazaa: kila ua huacha mbegu, sisimizi huzibeba, na baada ya miaka michache michirizi ya bluu inatokea mahali ambapo hukupanda chochote. Aina inayouzwa kama 'Spring Beauty' ina maua makubwa kidogo. Ukiikuta kwa bei ileile, ichukue.

Lakini uzazi huohuo ndio hatari yake, na nalisema hili kwa uzito. Minnesota na majimbo jirani, mmea huu umetoroka bustanini na kuingia misituni, ambako hufunika ardhi ya maua ya asili ya huko. Ikiwa ua wako unapakana na msitu au bonde la mto, usiupande. Shuka hadi nafasi ya nne au ya tano, au panda kwenye vyungu. Bluu ya wiki tatu haistahili kulipiwa kwa msitu wa watu wote.

Nafasi ya pili: Chionodoxa

Hii hutoka milima ya magharibi mwa Uturuki, na huko kwao huchanua pembeni mwa theluji inayoyeyuka. Maua yake hutazama juu na yana kitovu cheupe, kwa hiyo huonekana kutoka barabarani kuliko Scilla inayotazama chini. Kama dirisha la sebule yako liko mbali na bustani, huenda hii ikakufaa hata kuliko ile ya kwanza.

Tatizo lake liko kwenye maandishi ya pakiti. Wataalamu wa mimea wameihamishia kwenye kundi la Scilla, hivyo duka moja litaandika Chionodoxa luciliae na jingine Scilla luciliae, na zote ni kitu kilekile. Jina luciliae lilitolewa na Boissier, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi, kwa heshima ya mkewe Lucile. Shida ya zaidi ni kwamba kinachouzwa kwa jina hilo mara nyingi huwa ni aina nyingine, forbesii. Itambue kwa maua: luciliae halisi ina maua mawili matatu makubwa kwa kila shina, forbesii ina mengi zaidi na madogo. Zote ni ngumu na zote hurudi, kwa hiyo usigombane na muuzaji. Ukitaka bluu iliyokolea, tafuta aina ya sardensis. Na soma jina lote mpaka mwisho, kwani 'Pink Giant' nayo ni Chionodoxa, na ni ya waridi.

Hii pia humwaga mbegu, kwa hiyo onyo la msitu linaihusu.

Nafasi ya tatu: Muscari armeniacum

Vijiua vyake vimesongamana kama shada la zabibu. Kule Keukenhof, bustani mashuhuri ya maua ya Uholanzi, hupandwa kwa wingi kiasi kwamba vinaonekana kama mto unaopita katikati ya tulipu. Kwa kawaida ndio kitunguu cha bei rahisi kuliko vyote hapa, na ni kigumu kukiua.

Kwa nini basi kiko nafasi ya tatu? Kwanza kinachelewa. Sehemu nyingi za baridi huchanua Aprili na hata Mei, wakati kiu ya rangi imeshapungua. Pili, hutoa majani vuli na kukaa nayo majira yote ya baridi yakiwa yamelala ovyo, jambo linalowakera wapenda bustani nadhifu. Mwenzake Muscari azureum huwahi zaidi na ni wa samawati. Mimi ningeuchagua huo kwanza, ingawa hauko kila duka.

Nafasi ya nne: Iris reticulata

Kwa uzuri peke yake ingekuwa ya kwanza bila mjadala. Huchanua Februari au Machi, ina harufu nzuri, na petali zake zina michoro ya manjano. Kasoro ni kwamba kitunguu kikishachanua hugawanyika kuwa vitoto vidogo ambavyo huchukua miaka kupata nguvu ya kutoa ua. Mwaka wa pili unapata majani matupu. Pia inataka udongo usiotuamisha maji na kiangazi kikavu kama cha kwao Uturuki na Iran, kwa hiyo bustani inayomwagiliwa Julai yote huiozesha.

Inunue ukijua ni gharama ya kila mwaka, na uipande kwenye chungu karibu na mlango, udongo ukiwa umechanganywa na changarawe. 'Harmony' ni ya bluu iliyokolea. 'Katharine Hodgkin' ni ya samawati iliyofifia yenye manjano, na huelekea kurudi vizuri zaidi ya wenzake.

Nafasi ya tano: Anemone blanda

Ni ua zuri lenye petali nyingi, lakini hufika dukani kama kijiti kikavu cheusi. Loweka usiku mmoja kabla ya kupanda, na kama huoni juu wala chini, kilaze ubavu. Kwa Uingereza au Ujerumani ni chaguo jema. Kwa baridi ya Minnesota si la kutegemea. Hakikisha pakiti inasema 'Blue Shades', la sivyo utapata mchanganyiko wa waridi na nyeupe.

Cha kuacha rafuni

Hyacinthoides hispanica huuzwa kwa wingi na kwa bei ndogo. Inachelewa, na ikishika mizizi kuing'oa ni kazi ya miaka. Waishio Uingereza wana sababu nyingine ya kuikwepa: huzaliana na Hyacinthoides non-scripta, ua la bluu la misitu yao, ambalo linalindwa kisheria. Kung'oa vitunguu vyake porini ni kosa. Ukilitaka hilo, nunua lililozalishwa kitaluni.

Acha pia mifuko iliyoandikwa tu "mchanganyiko wa bluu" bila jina la aina. Hujui kipi kitawahi na kipi kitachelewa, kwa hiyo badala ya zulia moja unapata madoa.

Ununue vingapi, na vya namna gani

Maua haya ni madogo. Vitunguu kumi havionekani. Ukipanda kwa umbali wa sentimita 10, vitunguu 100 vinajaza mita moja ya mraba, na hicho ndicho kiwango cha chini ninachoshauri: 100 vya aina moja, kuliko 20 vya aina tano.

Ukubwa huandikwa kwa mzunguko wa kitunguu kwa sentimita. Kwa Scilla siberica tafuta 7/8 (yaani sentimita 7 hadi 8) au zaidi, kwa Muscari 8/9, kwa Iris 6/7. Kibonyeze: kiwe kigumu na kizito. Ukungu kidogo juu ya ganda unafutika, ila kilicholainika usikilipie. Novemba maduka mengi hushusha bei ili kumaliza mzigo, na bado unaweza kupanda ilimradi ardhi haijaganda. Chimba sentimita 8 hadi 10, na baada ya maua usikate majani hadi yawe manjano, hata kama yako katikati ya nyasi.

Wapo wanaouliza kama wanaweza kuwapelekea ndugu zao nyumbani vitunguu hivi. Vitunguu hivi vinahitaji wiki 12 au zaidi za baridi ya kweli ndipo vitoe maua, na hazipatikani Dar es Salaam, Mombasa wala Muscat. Hata Limuru na Lushoto hazitoshi. Unaweza kuvidanganya kwenye friji, ukavuna ua la msimu mmoja tu. Kwa bustani za nyanda za juu, mmea wa Agapanthus ndio bluu inayodumu.

Anayetumia friji asiviweke pamoja na matufaha wala ndizi, kwa sababu gesi ya matunda yanayoiva huua chipukizi la ua ndani ya kitunguu. Na popote utakapovihifadhi, viandike jina na uvitenge na vitunguu vya kupikia. Scilla siberica iliyomenywa hufanana sana na kitunguu kidogo cha jikoni, na ikiliwa inadhuru.