Filta Ipi Ununue kwa Tangi la Samaki la Nyumbani

Tangi la kioo la sentimita 60 kwa 30 kwa 36 linabeba lita 65 likijaa mpaka ukingoni. Ukishatia changarawe na mawe na kuacha nafasi juu, unabaki na lita 50 hivi. Humo humo samaki wanakula, wanakunya na kupumua, na maji hayana pa kwenda. Amonia inayotoka kwenye matamvua yao itawaua kama hakuna wa kuigeuza. Wanaoigeuza ni bakteria wanaoota kwenye sponji, mawe na kila kitu kinachopitiwa na maji yenye oksijeni: kundi moja linaifanya amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine linaifanya nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wanaivumilia mpaka siku ya kubadilisha maji. Ukiingia dukani tafuta kwanza nyumba ya bakteria hao. Kunasa uchafu unaoonekana kwa macho ni faida ya pili.

Bakteria hao wanahitaji oksijeni kama samaki, na hapo ndipo umeme wetu unapoharibu hesabu. Umeme ukikatika maji yanasimama, na maji ya Dar es Salaam au Mombasa yenye nyuzi 29 au 30 yanashika oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi. Kwa hiyo orodha hii, iliyokusudiwa matangi ya lita 40 hadi 200, imepangwa kwa kuuliza kila filta inafanya nini umeme ukikatika na inafanya nini ukirudi.

1. Sponji ya pampu ya hewa

Hii ndiyo ya kununua kwanza, na kwa tangi la chini ya lita 100 mara nyingi hutahitaji nyingine. Ni sponji nene iliyovishwa kwenye bomba la plastiki. Pampu ya hewa inakaa nje, mpira mwembamba unapeleka hewa hadi chini ya bomba, viputo vinapanda na kuyavuta maji yapite kwenye sponji. Ndani ya tangi hakuna umeme wala kitu kinachozunguka. Vifaranga vya gapi, samaki wadogo wa mapambo, havimezwi, na samaki wa Nothobranchius wa madimbwi ya msimu ya pwani yetu, waliozoea maji yaliyotulia, hawasumbuliwi na mkondo. Pampu ya wati 3 ikiwaka usiku na mchana inakula uniti 2 na kidogo kwa mwezi. Umeme ukikatika sponji inabaki imezungukwa na maji ya tangi, haijafungiwa popote, na ukirudi inaanza yenyewe.

Ukiwa dukani iminye. Sponji nzuri inarudi umbo lake mara tu ukiiachia, na matundu yake unayaona bila kuisogeza usoni. Yenye matundu madogo mno inaziba ndani ya wiki moja. Angalia pia urefu wa bomba: kadiri mdomo wake unavyokaribia uso wa maji ndivyo viputo vinavyoinua maji mengi zaidi, kwa hiyo sponji fupi ndani ya tangi refu ni kazi nusu. Kwa lita 50 hadi 80 chukua aina yenye sponji mbili kwenye bomba moja. Kwa lita 150 weka mbili za namna hiyo, moja kila upande.

Kuna kifaa kidogo kuliko kidole gumba ambacho wauzaji wengi hawakutajii: vali ya kuzuia maji yasirudi. Pampu ikiwa chini ya usawa wa maji na umeme ukakatika, maji yanashuka yenyewe kwenye mpira wa hewa, yanaingia kwenye pampu, na kutoka hapo yanafuata waya hadi kwenye soketi. Mpira unakatwa katikati na vali inachomekwa hapo, mshale wake ukielekea tangini. Ijaribu kabla ya kulipa kwa kuipuliza kwa mdomo: upande mmoja hewa ipite, upande wa pili igome kabisa. Ukiikosa, weka pampu juu ya rafu iliyo juu kuliko maji.

Sponji huoshwa kila baada ya wiki 2 hadi 4. Toa maji ya tangi kwenye ndoo, iminye humo mara nne au tano hadi maji yawe kama kahawa, kisha irudishe. Usiioshe bombani, kwa sababu klorini ya maji ya bomba inaua bakteria na unaanza upya. Viputo vikipungua ingawa sponji ni safi, fungua pampu: kiwambo cha mpira ndani yake kimechanika. Nunua cha akiba siku ile ile unayonunua pampu.

Udhaifu wake ni kwamba maji hayang'ai sana, na kuna mlio wa viputo. Jiwe la hewa, yaani kijiwe chenye matundu kinachogawanya hewa kuwa viputo vidogo, likiwekwa ndani ya bomba linaupunguza mlio.

2. Sanduku la juu ya tangi

Ni trei ya plastiki inayokaa juu ya kioo. Pampu ndogo iliyozamishwa inapandisha maji, yanapita kwenye sponji na vipande vya kauri, kisha yanadondokea tangini. Watu huidharau kwa sura yake, lakini ina sifa ambayo hata filta za bei kubwa hazina: umeme ukikatika maji yanachuruzika yote, na sponji inabaki na unyevu huku ikipata hewa. Bakteria wanaishi kwa saa nyingi hivyo. Kwa kuwa pampu iko ndani ya maji, umeme ukirudi inaanza bila kuguswa.

Nunua yenye trei pana na tundu kubwa la kutokea. Tundu dogo likizibwa na majani, maji yanafurika sakafuni. Maji pia yanapungua haraka kwa mvuke, kwa hiyo ongeza kila wiki.

3. Filta ya kuzama

Mota na sponji vimefungwa pamoja na kubandikwa kwenye kioo kwa ndani. Ni rahisi kupatikana na inaanza yenyewe, ila sponji yake ni ndogo na mkondo wake ni mkali. Ichukue kama ya pili, ikisaidiana na sponji ya hewa, na elekeza mdomo wake usoni mwa maji ili utikisike.

4. Filta ya kuning'inia mgongoni

Ni kisanduku kinachoning'inizwa nje kwenye ukingo wa tangi. Inapendeza, ni kimya na rahisi kufungua. Tatizo ni umeme. Katika aina nyingi mota iko nje ya tangi, na umeme ukikatika bomba la kuvutia linaweza kuingia hewa. Umeme ukirudi mota inazunguka kavu, inanguruma, inapata joto na kuungua. Ukiipenda, tafuta ile ambayo mota yake iko chini ya bomba, ndani ya maji. Hiyo inaanza yenyewe.

Usiikubali kasha ya kuchujia ya kubadilisha kila mwezi ambayo boksi linakuhimiza uinunue. Ukiitupa umetupa bakteria wote waliokaa humo. Kata kipande cha sponji kinachotosha nafasi hiyo na ukioshe kama tulivyoeleza.

5. Filta ya mtungi

Ni mtungi wenye sponji na kauri unaokaa nje, ukiunganishwa na tangi kwa mipira. Kwa uwezo wa kuchuja, hii inazishinda zote. Tangi la lita 200 au zaidi la sikilidi wa Ziwa Tanganyika linaistahili. Samaki hao wanataka maji yenye pH (kipimo cha asidi na alkali) inayokaribia 9, na pH ikipanda sehemu kubwa zaidi ya amonia inageuka kuwa ile yenye sumu: kwenye pH 7 haifiki asilimia 1, kwenye pH 8 ni asilimia 5 hivi, na kwenye 9 ni theluthi nzima. Kosa dogo linaloweza kusamehewa kwenye tangi la gapi linamaliza kundi la Tropheus, aina mojawapo ya sikilidi hao.

Imeshuka hadi namba tano kwa sababu mtungi umefungwa. Mota ikisimama, bakteria wanamaliza oksijeni iliyo ndani kwa saa chache, wanaanza kufa, na maji ya mtungini yanaoza. Umeme ukirudi usiku umelala, uozo ule wote unasukumwa tangini. Yakipita saa 2 au 3 bila umeme, chomoa waya, fungua mtungi na unuse. Ukipata harufu ya yai viza, mwaga maji yote, suuza sponji na kauri kwa maji ya tangi, ndipo uwashe. Mwenye inveta anaweza kuipandisha hadi namba moja kwa matangi makubwa.

Kabla ya kulipa, hakikisha duka lina mpira wa kuzibia kifuniko cha aina hiyo hiyo. Ukikauka, mtungi unavuja.

6. Sahani ya chini ya changarawe

Ni sahani ya plastiki yenye matundu inayofukiwa chini ya changarawe. Usinunue. Uchafu unajikusanya chini ya sahani mahali usipofika, na sikilidi wanachimba mpaka plastiki inaonekana.

Kusoma boksi

Namba ya lita kwa saa imepimwa filta ikiwa haina sponji wala kauri ndani. Hesabu karibu nusu yake. Tangi lenye lita 50 linataka maji yazunguke mara 4 hadi 6 kwa saa, yaani lita 200 hadi 300 za kweli, kwa hiyo tafuta boksi lililoandikwa 400 hadi 600. Kwa sikilidi wa maziwa yetu fanya mara 8 hadi 10.

Angalia volti. Umeme wa Tanzania ni 230, wa Kenya 240, vyote hezi 50. Pampu iliyoandikwa 110 au 120, mara nyingi mzigo wa mitumba kutoka Marekani, itaungua dakika utakayoichomeka. Waya wa kila kifaa uache uning'inie chini ya soketi kwanza ndipo upande, ili tone linalotiririka lidondoke sakafuni.

Nunua pia pampu ndogo ya hewa ya volti 5 inayotumia waya wa chaja ya simu. Pawabenki ya mAh 10,000 inaiendesha pampu ya wati 1 usiku mzima na zaidi, na sponji namba moja inaendelea kufanya kazi gizani. Ijaribu mchana kwa saa nzima kabla hujaitegemea: baadhi ya pawabenki hujizima zikiona umeme unaovutwa ni mdogo. Ikijizima, ichomeke na taa ndogo ya USB kwenye tundu la pili, na jaribu tena.