Kozi ya umeme ya jioni, Dar: uzoefu wangu baada ya miezi 6

Nina miaka 6 nauza vifaa vya umeme Gerezani, Kariakoo. Niulize bei ya breka (swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi) ya ampea 20 au roli ya waya wa 2.5 (unene wa milimita za mraba 2.5), nakutajia huku namrudishia mteja mwingine chenji. Kuvifunga ndiyo nilikuwa sijui. Mwaka jana nikajiandikisha kozi ya jioni ya umeme wa majumbani kwenye chuo kimoja cha binafsi hapa mjini. Jina lake nalihifadhi, maana nina ya kusifu na nina ya kulalamikia.

Ada ni 480,000 kwa awamu 3. Nilipokwenda kulipa awamu ya pili nikakuta kuna 85,000 nyingine ya "vifaa vya mafunzo", ambayo kwenye kipeperushi haikuwepo. Nikauliza. Dada wa uhasibu akanijibu, "Hiyo mbona inajulikana, kaka." Inajulikana na nani? Nikalipa tu, ningefanyaje, nusu ya kozi nimeshamaliza. Ukienda wewe, dai mchanganuo wote kwa maandishi kabla hujatoa hata mia.

Vipindi vilikuwa saa 11 jioni hadi saa 2 usiku, Jumatatu hadi Alhamisi, na Jumamosi kutwa nzima karakana. Kwa mtu wa dukani ratiba hiyo ni neema. Darasani tulikuwa 27, na sijawahi kukaa na mchanganyiko wa namna ile: vijana waliopata sifuri kidato cha nne, jamaa mwenye shahada ya sosholojia aliyechoka kuzunguka na bahasha, mlinzi ambaye akitoka darasani anakwenda moja kwa moja lindoni, Wakongo wawili wa biashara ya vitenge, mama lishe kutoka Buguruni, na kijana kiziwi aliyekuja na dada yake wa kumtafsiria kwa lugha ya alama. Wiki ya kwanza kila mtu alikaa na wa kwao. Ya tatu tulishachanganyika, kwa sababu bodi za mazoezi zilikuwa 9 na kila bodi ilitaka watu 3.

Tatizo lilikuwa makabrasha. Mwalimu anafundisha Kiswahili, makabrasha Kiingereza kitupu, na mtihani vilevile. Yule wa sosholojia akageuka mwalimu wa pili. Tunabaki naye nusu saa kwenye mabenchi ya nje anatufafanulia ukurasa mmoja mmoja. Mama lishe aliandika kwenye daftari lake kwamba waya wa athi, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja, ni "waya wa udongo". Vijana wakacheka. Mwalimu akawauliza, "Ile fimbo ya shaba mnaichomeka wapi, hewani?" Kuanzia siku hiyo darasa zima tukawa tunauita waya wa udongo. Chuo kinachopokea watu wa kila aina namna hii kingeweza kabisa kuwa na makabrasha ya Kiswahili, na ada tuliyolipa ingetosha kuyachapa.

Kwa mwalimu mwenyewe sina neno baya. Kila Jumamosi kabla hatujagusa bodi ilikuwa: zima, piga kufuli, funguo weka mfukoni kwako, halafu pima. Na kabla ya kupima, testa yenyewe uijaribu kwanza mahali penye umeme, ndipo uamini kimya chake. Aliyesahau hatua moja alikaa pembeni siku nzima. Mlinzi alikalishwa mara mbili, macho yamejaa usingizi wa lindo, na hakununa.

Somo lililoniumiza ni la breka. Kwa miaka yote ile, mteja akija dukani analalamika breka ya 20 ya hita ya kuogea inajikata ovyo, mimi nampa ya 32. Anakwenda zake, harudi, najua nimemsaidia. Siku mwalimu anaeleza kwamba breka inalinda waya, hailindi kifaa, nilihisi jasho. Waya wa 2.5 uliopita ukutani ukiufungia breka ya 32, mzigo ukizidi waya unachemka, ganda linalainika, na breka bado imekaa kimya kwa sababu kwake hapo hakujaharibika kitu. Nilianza kuhesabu nyumba ngapi. Nikaacha kuhesabu.

Kazi ya mwisho ilikuwa kufunga chumba kizima kwenye bodi, kuanzia meni swichi hadi taa na soketi, kisha kupima kwa mega, kifaa kinachoonyesha kama ganda la waya linavujisha umeme. Mega ilikuwa moja, tena ya mwalimu mwenyewe. Inasukuma volti 500, na usomaji usishuke chini ya megaohmu 1. Yetu ikasoma 0.2. Tulifungua kila kiungio kwa dakika 40, kijana kiziwi akituonyesha kwa kidole wapi bado hatujaangalia. Mama lishe ndiye aliyeona: skrubu ya boksi la swichi ilikuwa imechubua waya, alama ndogo kama ya kucha.

Sasa lawama. Ofisi ilituahidi kututafutia field, yaani mahali pa kufanyia mazoezi ya kazi. Walichotupa ni barua ya utambulisho yenye muhuri, uzunguke nayo mwenyewe. Mimi nilipata kwa mkandarasi ambaye ni mteja wa duka letu. Wenzangu wengi walikaa nayo nyumbani. La pili ni zito zaidi. Cheti tulichopewa ni cha chuo chenyewe. Si cha VETA (mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi) Level I, yaani ngazi ya kwanza, na hilo hakuna aliyelitamka siku ya kujiandikisha. Ukitaka leseni ya kufunga umeme ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, utaulizwa cheti kinachotambulika, kwa hiyo inabidi nikajipime upya. Kama tayari wewe ni fundi wa mtaani, kaulize kwanza VETA kuhusu kurasimisha ujuzi: wanakupima kwa unachokijua, wanakuongezea unapopungukiwa. Huenda usihitaji kozi kama yangu. Na chuo chochote kile, kiangalie kwenye orodha ya NACTVET, baraza la serikali linalosajili vyuo vya ufundi, halafu uliza cheti cha kozi hiyo hasa kinatolewa na nani.

Nampa mwalimu na karakana nyota 5. Ofisi nyota 1, na hiyo ni ya muhuri.

Juzi mteja amekuja kutaka breka ya 32, ya 20 inajikata. Nikamuuliza waya wake ni saizi gani. Hajui. Nikamwambia nenda kamlete fundi wako kwanza. Amenunua duka la pili, na bosi hajanisemesha tangu asubuhi.