Kompyuta ya mtumba imekuwa nzito: nunua nini kwanza, nini baadaye, na nini uache dukani

Shangazi yangu ana duka la kuchapa na kutoa kopi, pembeni ya shule. Mwaka jana alinipigia simu akasema kuna fundi amemwambia kompyuta yake imezeeka, na yuko tayari kumuuzia nyingine. Nikamwambia, "Shangazi, usitoe hela kwanza, nitapita jioni." Nikapita, nikaiwasha. Chai ikachemshwa, ikanywewa, na kile kiduara bado kinazunguka kwenye skrini. Wateja wawili waliingia, wakasubiri, wakahamia duka la jirani.

Prosesa yake ilikuwa Core i5 ya kizazi cha sita, haina ubaya wowote kwa kazi ya kuandika barua na kuchapa mitihani. Kilichokuwa kinamchelewesha ni diski. Tukabadilisha kitu kimoja tu, na siku hizi anaibonyeza akiingia, anatoka kutundika bango la nje, akirudi inamsubiri.

Ndiyo maana naandika orodha hii kwa kufuata nafuu utakayoipata kwa kila shilingi, wala siyo uzuri wa kifaa. Bei sitaziandika, maana Kariakoo hubadilika kila mzigo unapoingia, na Nairobi nao wana zao.

Kabla ya kwenda dukani

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha la Task Manager. Fungua programu zako za kila siku, vile vile unavyofanya kazi, subiri dakika kumi, kisha tazama safu tatu: CPU (ndiyo prosesa), Memory na Disk.

Disk ikikaa kwenye asilimia 100 huku CPU iko chini, tatizo lako ni diski. Memory ikikaa juu ya asilimia 85, ni RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta huweka inachokifanyia kazi. Ila kuna mtego hapa: RAM ikijaa, Windows huanza kuhifadhi ziada kwenye diski, kwa hiyo diski nayo itaonekana imeelemewa. Mwenye GB 4 za RAM mara nyingi ataona vyote viwili vimejaa.

Na kama vyote viko chini lakini kompyuta inajikokota? Ingia sehemu ya Performance, bonyeza CPU, usome Speed wakati unafanya kazi. Ikiwa imegandia kwenye GHz 0.8 au chini kabisa ya kasi iliyoandikwa kwenye prosesa, shuku joto. Kwenye laptopu, shuku pia chaja. Kuna laptopu ambazo zikichomekewa chaja zisiyoitambua hujipunguza kasi zenyewe, na mwenyewe anahangaika kununua RAM wakati dawa ni chaja sahihi.

Nafasi ya kwanza: SSD

Hapa sina ubishani na mtu. Kama kompyuta yako bado ina diski ya kuzunguka, usinunue kitu kingine chochote kabla ya SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani.

Diski ya kuzunguka ya laptopu kwa kawaida huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na ndani yake kuna mkono unaohama huku na huku kutafuta data, kama mtu anayetafuta ukurasa kwenye daftari. Faili moja kubwa inaisoma vizuri tu. Lakini Windows inapowaka haisomi faili moja kubwa, inasoma maelfu ya vifaili vidogo vilivyotawanyika, na kila kimoja mkono uhame. SSD haina mkono wala sahani ya kuzungusha, kwa hiyo kuruka kutoka faili hadi faili kwake si kazi.

Ziko za maumbo mawili na njia mbili za kusafirisha data (SATA na NVMe), na hapo ndipo watu wanapopigwa. Umbo la kwanza ni la inchi 2.5, linaingia palepale ilipokuwa diski ya zamani, na linatumia SATA. La pili ni kijiti chembamba kiitwacho M.2, ambacho mara nyingi kina upana wa milimita 22 na urefu wa 80. Kijiti hicho kinaweza kuwa cha SATA au cha NVMe, na kwa macho vinafanana. Tazama meno yake: chenye mikato miwili kwa kawaida ni SATA, chenye mkato mmoja ni NVMe. Kuna nafasi za M.2 zinazokubali aina moja tu. Kwa hiyo ingia mtandaoni utafute namba kamili ya kompyuta yako, au ifungue uone, kabla hujapanda daladala.

Muuzaji atakwambia NVMe ni kasi zaidi, na hasemi uongo. SATA inaishia kama MB 550 kwa sekunde, NVMe ya kizazi cha tatu inafika 3,500. Lakini kwa kuwasha kompyuta, kufungua Word na kuvinjari, tofauti hiyo hutaihisi. Mruko mkubwa ni ule wa kutoka diski ya kuzunguka kwenda SSD yoyote. Kama kompyuta yako inakubali SATA pekee, usisikitike.

Ukubwa: GB 240 au 256 zinamtosha mtu wa ofisini na mwanafunzi. Chukua 480 au 512 ukihifadhi picha na video nyingi. Zile za 120 ziache, Windows na masasisho yake itazimaliza, na SSD inayokaribia kujaa hupungua kasi. Diski yako ya zamani usiitupe. Itafutie kava la USB, iwe ghala la sinema na nakala za picha za harusi.

Majina: Samsung 870 EVO na Crucial MX500 zina kumbukumbu yao ndogo ya ndani inayosaidia ukiandika data nyingi mfululizo. Kingston A400 na Crucial BX500 hazina, lakini kwa laptopu ya kazi za kawaida zinatosha, na hela iliyobaki utaipeleka kwenye RAM.

Kuhusu feki, ukiona diski ya nje ya TB 2 inauzwa kwa bei ya sahani mbili za pilau, hiyo siyo TB 2. Imechezewa ijitangaze hivyo, na ukishajaza GB chache faili zinaanza kupotea kimyakimya. Programu ya bure ya H2testw huijaza yote na kukwambia ukweli, ila inachukua muda. Kwa SSD ya ndani, mwombe muuzaji aichomeke kwenye kompyuta yake na kufungua CrystalDiskInfo kabla hujalipa. Mpya itaonyesha afya asilimia 100 na saa chache sana za kuwaka. Ikikuonyesha saa 9,000, hiyo imeshafanya kazi mahali pengine, hata kama boksi limefungwa nailoni. Muuzaji akikataa kuichomeka, msalimie uende duka la pili.

Baada ya kuiweka, mimi napendelea kupiga Windows upya badala ya kunakili ile ya zamani na uchafu wake wote. Tumia zana ya Microsoft ya Media Creation Tool na flashi ya GB 8, na uandae bando, maana ni GB kadhaa. Kompyuta ikiwa ilishakuwa na leseni halali ya Windows 10 au 11, leseni hiyo imefungamana na mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), haimo kwenye diski. Ukifika sehemu ya kuombwa namba, chagua kwamba huna, uendelee. Ikipata intaneti itajitambua yenyewe. Nasema hivi kwa sababu wapo mafundi wanaotoza "hela ya key" kwa kitu ambacho tayari ni chako.

Nafasi ya pili: RAM (ila kwa kompyuta ya mezani, subiri kidogo)

Kutoka GB 4 kwenda 8 utaona tofauti siku hiyohiyo. Kutoka 8 kwenda 16 ni kwa wanaofungua kurasa thelathini za intaneti kwa mpigo, wanaohariri video au wanaoandika programu. Mwingine yeyote atakuwa ananunua namba.

Hapa nilishaumia mwenyewe. Nilikuwa na laptopu ya kizazi cha nne, nikaenda duka moja nikaomba RAM ya aina ya DDR3 ya GB 8. Nikapewa, nikalipa, nikarudi nyumbani, nikapachika. Skrini nyeusi. Nikatoa, nikafuta meno kwa kifutio cha penseli, nikarudisha. Nyeusi. Ilinichukua jioni nzima kugundua kwamba laptopu ile ilitaka DDR3L, yenye herufi L mwishoni, inayotumia volti 1.35, na mimi nilipewa ya volti 1.5. Mkato wake uko palepale, kwa hiyo inaingia vizuri kabisa. Haiwaki tu. Duka likakataa kurudisha hela, na kosa kweli lilikuwa langu, sikusoma kibandiko.

DDR4 inatumia volti 1.2, na mkato wake uko mahali pengine, kwa hiyo haiwezi kuingia kwenye nafasi ya DDR3 hata ukilazimisha. Usilazimishe. Ya laptopu ni fupi, ya kompyuta ya mezani ni ndefu. Dawa rahisi kuliko zote: chomoa ile ya zamani, iviringishe kwenye kitambaa safi, nenda nayo dukani, mlinganishe vibandiko neno kwa neno.

Kabla ya hapo rudi Task Manager, sehemu ya Memory, usome "Slots used". Ikiwa 1 of 2, una nafasi wazi, na vipande viwili vinavyofanana hufanya kazi kwa pamoja na kuisaidia hata picha ya skrini, kwani prosesa isiyo na kadi ya picha huazima RAM hiyohiyo. Laptopu nyingi nyembamba, MacBook Air ikiwemo, RAM yake imeunganishwa kwenye mazabodi kwa risasi. Hapo hakuna cha kununua.

Bei ya RAM ilipanda sana kuanzia mwishoni mwa 2025, viwanda vilipoelekeza nguvu kwenye mitambo ya akili mnemba. Kwa hiyo kununua kipande kilichotolewa kwenye laptopu iliyokufa si aibu. RAM haichakai kama diski. Ipime kwa MemTest86 usiku mmoja, ikipita, endelea na maisha yako.

Nafasi ya tatu: umeme

Kwa kompyuta ya mezani, hii naipandisha juu ya RAM. Umeme ukikatika katikati ya kuandika faili, SSD mpya haikuokoi. Tafuta UPS (kifaa cha betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika) yenye uwezo wa kurekebisha volti zinazopanda na kushuka, siyo ile yenye betri peke yake. Ya VA 650 inatosha kompyuta moja na skrini yake. VA siyo wati. Kwenye UPS za namna hiyo, wati huwa pungufu sana ya ile namba kubwa iliyoandikwa mbele. Na tafadhali, printa ya leza isichomekwe upande wa betri. Inapopasha joto huvuta umeme mwingi kwa ghafla, na UPS ndogo itapiga kelele kisha izime kila kitu. Shangazi alishawahi kufanya hivyo, mitihani ya kidato cha pili ikiwa nusu.

Kwa laptopu, umeme ni betri. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua ripoti inayotokea. Linganisha "design capacity" na "full charge capacity". Ikiwa ya pili imeshuka chini ya nusu, anza kuweka akiba. Ikiwa pedi ya kipanya imeanza kunyanyuka au mfuniko wa chini umetuna, betri imevimba: acha kuichaji leo, usiitoboe, ipeleke kwa fundi. Hiyo haingojei nafasi yake kwenye orodha.

Nafasi ya nne: vumbi

Kusafisha feni na kubadilisha pasta ya prosesa. Ni rahisi, mwezi wa vumbi inalipa. Basi.

Vya kuacha dukani

Programu za "kuongeza kasi". Antivairasi ya pili, wakati Windows ina yake. Feni za kuwekea laptopu juu, ambazo zinapuliza mfuniko huku vumbi limeziba ndani. Na prosesa mpya ya laptopu, kwa sababu kwenye nyingi za siku hizi nayo imeunganishwa kwa risasi.

Na suala la Windows 11

Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, kwa upande wa Intel, kwa ujumla inataka kizazi cha nane na kuendelea. Soma tarakimu inayofuata baada ya kistari (ikiwa ni 1, soma mbili za mwanzo): i5-6300U ni ya sita, i5-8250U ni ya nane. Mwenye ya sita au ya saba anaweza kujiandikisha kwenye masasisho ya nyongeza ya usalama, yanayofika 13 Oktoba 2026, au ahamie Linux Mint, mfumo wa bure wa kutumia badala ya Windows, ambayo unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Jaribu hasa printa yako kabla hujaamua.

Kipimo changu ni hiki: jumlisha SSD, RAM na betri unavyovihitaji. Kwa mashine ya kizazi cha saba kurudi nyuma, jumla ikizidi nusu ya bei ya laptopu ya mtumba ya kizazi cha nane, acha, nunua hiyo ya nane. Shangazi alihitaji SSD peke yake, ndiyo maana tukabaki na ya zamani. Yule fundi bado hupita kuulizia.