Miezi mitatu na vidonge vya NAC kwa masikio yaliyoumizwa na grenda

Mteja alisema tisini, mimi nikasikia sitini, na bomba likishakatwa fupi ndiyo basi tena. Ilikuwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Nimeshika grenda miaka kumi na sita, na kwa muda mrefu nilidhani watu ndio wanaomumunya maneno. Kwenda kupimwa, kumbe ni mimi: kwenye hezi 4,000, yaani sauti nyembamba, sikio la kushoto lilihitaji ukubwa wa desibeli 45 ndipo lisikie, la kulia 35. Sauti nzito nazisikia vizuri tu. Zinazonipotea ni zile nyembamba, s na f na sh, ndiyo maana sitini na tisini kwangu zimekuwa pacha. Juu ya hayo kuna mlio kama wa nyenje, unaoanza nikishazima taa nilale.

Ndipo nikauziwa NAC, kifupi cha N-acetylcysteine. Chupa ina kapsuli 60 za miligramu 600, moja asubuhi na moja jioni. Lebo inatamba kwamba inarejesha usikivu ulioharibiwa na kelele. Nilimaliza chupa tatu bila kuruka hata siku moja.

Ukifungua kifuniko unapokelewa na harufu ya yai viza. Usidhani zimeoza, ni salfa iliyomo ndani yake. Siku ya kwanza nilimeza kabla ya kula, kichefuchefu kikanishika asubuhi nzima. Baada ya hapo nikawa nameza nikishashiba, na sikupata shida nyingine.

Nikarudi kupimwa. Kwenye 4,000, namba zilezile, 45 na 35. Kwenye 6,000, sikio la kushoto lilitoka 40 likaja 35, na muuzaji nilipomwambia alichangamka: "Umeona fundi? Dawa imeanza kushika!" Mpimaji yeye alitabasamu tu. Tofauti ya desibeli tano, alisema, unaweza kuipata hata ukipimwa mara mbili siku hiyohiyo. Na nyenje wangu hajahama.

Nisiwaonee wenye wazo hili, maana si uganga. Ndani kabisa ya sikio, kwenye kile kijumba kilichojikunja kama konokono, kuna seli zenye vinyweleo, kama 15,000 hivi kila upande. Kelele kubwa inazifanyisha kazi kupita kiasi, zinazalisha oksijeni kali inayozitafuna zenyewe, na utafunaji huo huendelea kwa siku kadhaa hata baada ya kelele kuisha. Antioksidanti kama NAC kazi yake ni kuituliza hiyo oksijeni. Kwa wanyama wa maabara imefanya vizuri, hasa ikitolewa kabla ya kelele au mara tu baada yake. Kwa watu mambo ni magumu zaidi: askari wa Marine wa Marekani walipojaribiwa kwa NAC wakati wa mafunzo ya kulenga shabaha, vipimo vikuu havikuonyesha tofauti ya maana. Dawa nyingine, ebselen, ilileta matumaini kidogo. Jaribio lililochapishwa kwenye jarida la kitabibu The Lancet mwaka 2017 lilikuta vijana waliosikilizishwa muziki mkubwa wakipoteza usikivu kwa kiasi kidogo kuliko wenzao wasioitumia, wakiwa wametumia miligramu 400 mara mbili kwa siku. Lakini huo ulikuwa upotevu wa muda tu, ule unaorudi wenyewe.

Mimi sasa? Seli zangu zilikufa miaka mingi iliyopita, na kwa binadamu hazioti tena. (Za ndege huota. Nilipoambiwa hivyo nilimwangalia kuku kwa wivu.) Kumpa NAC mtu kama mimi ni kumwagia maji nyumba iliyokwisha kuungua. Kinachoniudhi si kidonge, maana NAC ni dawa ya kweli, hospitalini huokoa ini la aliyezidisha parasetamo. Kinachoniudhi ni lile neno "inarejesha". Nyota mbili, na zote ni kwa sababu haikunidhuru. Na kama usikivu umekukatika ghafla, wa leo au jana, usipite dukani kabisa. Nenda kwa daktari siku hiyohiyo, kwa sababu matibabu ya tatizo hilo yanataka kuwahiwa.

Kitu kilichonisaidia ni vizibo vya sponji, ambavyo nilikuwa navyo miaka yote nikivivaa vibaya, vinaning'inia kama hereni. Mpimaji ndiye aliyenifundisha: kisokote kiwe chembamba, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa uvute sikio kwenda juu, kisukume ndani, kisha kishikilie kwa kidole mpaka kivimbe. Grenda yangu inagonga desibeli 100, na kwa sauti hiyo kipimo cha usalama ni dakika 15 tu kwa siku. Kizibo kikikaa sawasawa, inasikika kama inakata chuma nyumba ya pili. Nyenje bado analia usiku, ila zamani siku ya kazi nyingi alikuwa anapandisha sauti, na siku hizi hapandishi.